Mtu wa Kukaa na Stoo

Ukitaka kumjua Ngina Mutiso, usimuulize Gerishon. Gerishon atakuambia Ngina ndiye nguzo ya kampuni, ndiye mama wa Stoo, ndiye mtu wa maana kuliko wote, na atayasema hayo akiwa Thika, amekaa kwa kiti chake cha kuzunguka, huru kwenda popote roho yake inapotaka. Niulize mimi. Naitwa Wanja, nakaa Mwihoko, na nimehariri video za harusi, ruracio (sherehe za mahari) na mazishi kwa kampuni ya Gerishon tangu ilipoanza. Mambo ya Ngina nayajua vizuri kuliko ningependa.

Ngina ni Mkamba wa Ngoliba, mashariki ya Thika. Baba yake, marehemu Mutiso, alikuwa fundi wa pampu za maji, na Ngina alirithi mikono yake. Kitu cha umeme kikilala, yeye hukiamsha. Ana miaka thelathini na mitatu, ni mrefu, hapendi makelele, na akikuahidi jambo atalishika hata kama linamchoma. Hiyo tabia yake ya mwisho nilikuwa nikiisifu. Siku hizi ikitajwa naangalia chini.

Zamani tulikuwa tunatumiana diski. Maina, mpiga picha wetu, mtu mzima mwenye tumbo la heshima, akitoka kushuti harusi anaweka video kwa diski, anampa mtu wa bodaboda, na mtu wa bodaboda anamletea yule atakayehariri. Siku moja diski yenye harusi nzima ilianguka kwa tope huko Kalimoni na lori la maji likaipitia. Bibi harusi alilia kwa simu mpaka Gerishon akaizima. Hapo ndipo Ngina aliposema kwamba video zote zikae mahali pamoja na zisitoke tena, sisi ndio tuzifuate kwa mtandao.

Akaunda Stoo. Ni sanduku jeusi, kimo cha kreti ya soda, lenye diski kumi na mbili ndani na feni mbili zinazovuma kutwa. Liliwekwa kwake Kimbo, upande wa Ruiru, kwa chumba kimoja ghorofa ya pili, kwa sababu ploti ile ina kisima na laini ya stima inayoendesha pampu haikatiki ovyo, na intaneti ya waya ilikuwa imefika mpaka mlangoni. Gerishon alisema, "Liwe kwako kwa muda tu." Hayo maneno mawili ya mwisho yangepigwa marufuku Kenya nzima, watu wengi wangepumua.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Maina analeta kadi za kamera Kimbo, Ngina anazimwaga kwa Stoo. Video za kamera ni nzito, huwezi kuzivuta kwa intaneti ya Mwihoko hata ukifunga na kuomba. Kwa hivyo Stoo inatengeneza kopi nyepesi, video ile ile lakini imepunguzwa, na hiyo ndiyo sisi tunaivuta majumbani. Mimi nakata, napanga, naweka muziki, halafu narudisha kifaili kidogo chenye maagizo tu: kata hapa, unga pale. Stoo inayasoma, inachukua zile video nzito zenyewe na kushona kazi nzima ikiwa safi. Mteja hajui kama mhariri alikuwa amevaa leso jikoni.

Nilipojifungua Ciku wangu nilirudi kazini baada ya wiki tano bila kutoka kitandani. Bedan wa Kalimoni anahariri kati ya kukamua ng'ombe asubuhi na kukamua jioni. Calvince alienda kwao Siaya kumzika baba yake, akakaa mwezi mzima huko, na kazi zikaendelea kutoka, hakuna mteja hata mmoja aliyejua. Sote tulifunguliwa kamba, na kamba zote zikafungwa kwa mguu wa Ngina. Stoo hukwama. Hukwama joto likizidi, hukwama stima ikicheza, hukwama Maina akichomeka kadi mbovu. Ikikwama, watu watano tunakaa bure na wote tunampigia mtu mmoja. Na kwa sababu kuna watu wa mtandaoni waliwahi kujaribu kutuingilia, Ngina alifunga njia ya kuirekebisha kutoka mbali, ili asiyekuwa chumbani asiweze kuigusa. Alifanya vizuri. Lakini maana yake ni kwamba mtu lazima awe ameketi pale, mbele ya kibodi.

Basi akawa anaketi. Akienda dukani anakimbia. Kanisani anakaa kiti cha nyuma karibu na mlango, simu mkononi, na mara mbili ameondoka kabla ya sakramenti kumfikia. Kile chumba ni moto. Dirisha moja, pazia limefungwa jua lisipige diski. Mimi nikienda kumtembelea nilikuwa nachoka baada ya saa moja, naanza kutafuta sababu ya kwenda. Yeye alimaliza miaka mitatu.

Na alikuwa na mtoto. Anaitwa Syombua, jina la mama yake Ngina kama ilivyo desturi, na ndiyo maana Ngina humwita Mwaitu, yaani mama yangu. Stoo ilipoletwa Syombua alikuwa na miaka mitatu, umri wa kuvuta kila waya. Siku moja akaimwagia uji. Haukuwa mwingi, nusu kikombe. Ngina alimpigia kelele ambayo mpaka leo hajajisamehe, na wiki hiyo hiyo akampeleka Ngoliba kwa Susu, nyanya yake, kwa muda tu, mpaka papatikane mahali pengine pa kuweka hilo sanduku. Hapakupatikana. Mtoto alijifunza kuongea vizuri akiwa kule, na kwa sababu alimsikia Susu akisema "Ngina, Ngina" kwa simu, naye akaanza kumwita mama yake Ngina. Susu ndiye akawa Mum.

Mwaka jana mwezi wa tisa Susu alimwambia Ngina maneno ambayo Ngina alinirudishia neno kwa neno, macho kwa feni.

"Januari mtoto anaingia gredi ya kwanza. Ukimtaka, njoo na umchukue na barua ya shule kabla ya shule kufunguliwa. Akianza huku, atamalizia huku. Mimi sitaki mtoto wa kuvutwa huku na kule katikati ya masomo."

Ngina alimwendea Gerishon. Gerishon si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi, kwa sababu mbaya unamchukia unamaliza. Huyu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwitia chai.

"Mama Stoo, wewe ndio moyo wa hii kitu. Hebu tumalize December kwanza. Unajua vile ruracio huwa mob, kila Jumamosi imejaa."

"December shule zitakuwa karibu kufunguliwa," Ngina akasema.

"Tutapanga. Usijali."

Ngina hakungoja apangiwe. Alibuni Stoo ya pili ya kukaa Thika, ofisini kwa Gerishon, iliyoungana na ile ya Kimbo ili moja ikilala nyingine ibebe kazi. Gerishon aliikubali, lakini akaweka sharti: kitu kikifutwa Thika kifutike na Kimbo, kwa sababu yeye hataki kuona video za zamani zimejaa mahali popote. Ngina alimkatalia mara mbili. Alimwambia kopi inayofuata makosa ya mwenzake si akiba. Mwishowe alikubali ili mambo yaende, ila kwa siri yake akaifanya ile ya Kimbo iweke kumbukumbu ya kila mchana, namna ya kurudi jinsi mambo yalivyokuwa jana. Kumbukumbu hiyo haionekani kutoka Thika. Kuifungua lazima uwe Kimbo, chumbani, na ujue hatua zake.

Hatua hizo alinifundisha mimi.

Ilikuwa Oktoba, Jumanne tatu mfululizo. Nilienda na Ciku, nikamlaza kwa mkeka mbali na waya. Ngina alikuwa ameandika kila kitu kwa daftari la mraba, kurasa ishirini na mbili, kwa mwandiko wa shule. Nilikuwa natia tiki kila nilichoweza. Jumanne ya tatu alifuta folda ya majaribio, akatoka nje akasimama kwa ngazi, akanifungia mlango. Nilifuata daftari nikairudisha peke yangu. Alipoingia na kuiona alinikumbatia, na Ngina si mtu wa kukumbatia.

"Sasa naweza kwenda nyumbani," akasema. "Hata siku mbili tu. Sasa tuko wawili."

Nilifurahi kwa dakika moja hivi. Halafu nikakitazama kile chumba, pazia, feni, kiti kimoja. Niliona kabisa itakavyokuwa: siku Gerishon atakapojua kwamba nami najua, simu zitaanza kunijia mimi, na siku Ngina atakapochoka kabisa, sanduku litahamia Mwihoko, karibu na kitanda cha Ciku.

"Usimwambie Gerishon bado," nikamwambia. "Wacha nizoee kwanza."

"Sawa," akasema. "Sitasema mpaka wewe useme."

Jumamosi ya mwisho ya Novemba alienda Ngoliba. Alikuwa amepanga kila kitu: Jumamosi kufika, Jumapili kwenda kanisani na Susu na mtoto, Jumatatu asubuhi kuchukua barua kwa mwalimu mkuu, ambaye alikuwa anafunga ofisi siku hiyo mpaka Januari, halafu kurudi Kimbo na Syombua. Alikuwa amemnunulia sare ya shule ya huku, sketi ya kijani, na kuitundika kwa msumari juu ya kitanda. Mzee wa geti aliachiwa ufunguo. Gurupu letu la simu liliambiwa Ngina hayuko mpaka Jumatatu, na kila mtu akaandika enjoy, na Maina akatuma picha ya mbuzi choma.

Maina huyo huyo. Jumamosi ile kulikuwa na ruracio tatu, na jioni Stoo ya Thika ikaanza kulalamika kwamba imejaa. Jumapili asubuhi Maina akaingia ofisini kupunguza. Akaona folda mbili zenye jina moja, Wangeci wa Kang'ethe na Wangeci wa Kang'ethe, akaona ni kazi moja imewekwa mara mbili, akafuta ile ya zamani. Sasa nikuulize: Mkikuyu mzima, ambaye yeye mwenyewe amebeba jina la babu yake na ana binti mwenye jina la mama yake, anaonaje Wangeci wawili katika familia moja akafikiri ni mtu mmoja? Mmoja alikuwa mjukuu, ruracio yake ya mwaka huo. Wa pili alikuwa cucu mwenyewe, yaani nyanya, mama yake Kang'ethe, sherehe yake ya kufika miaka tisini, amekaa kwa kiti chini ya tenti akisimulia maisha yake saa nzima. Ngina angeandika Cucu mbele ya jina, kila mara aliandika. Lakini ile folda ilikuwa ya kabla ya yeye kuweka huo utaratibu, na Gerishon ndiye aliyeipa jina. Ilipofutika Thika, ikafutika na Kimbo.

Cucu Wangeci alikuwa amefariki Ijumaa.

Watu wa Kang'ethe ni majirani wa Bedan huko Kalimoni. Jumapili baada ya kanisa walimwendea, wakamwomba ile sauti ya cucu, wamweke akiongea mwenyewe siku ya mazishi, na Jumatatu asubuhi watapita kuichukua. Bedan akaingia kwa mtandao, akatafuta, hakuona kitu. Saa nane mchana Gerishon alitupigia sote kwa simu moja ya gurupu.

Nilikuwa jikoni nampa Ciku chakula. Niliweka simu kwa meza, sauti wazi.

"Imeenda huku na huku," Bedan alikuwa akisema. "Huko Kimbo pia hakuna. Nitawaambia nini hawa watu? Mama yao yuko mochari."

"Nilidhani ni double," Maina akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ngai, nilidhani ni double."

"Ngina, kuna njia?" Gerishon akauliza.

"Iko." Ngina aliongea polepole, na nyuma yake nilisikia kuku na sauti ya mtoto. "Kuna kumbukumbu ya jana mchana. Mtu anayeijua Stoo aende kwangu, mzee wa geti ana ufunguo, afuate daftari. Ni dakika ishirini."

"Nani mwingine anajua hiyo maneno?"

Calvince akakohoa.

"Wanja," Ngina akasema. "Wanja, uko kwa line?"

Nilikuwa kwa line. Nilimsikia vizuri kuliko ninavyojisikia sasa. Kutoka Mwihoko mpaka Kimbo si safari, ningefika na kumaliza kabla ya Ciku kuamka usingizi wa mchana. Nilishika simu, nikabonyeza kuzima sauti yangu. Nilimwona Ciku ananitazama, mdomo umejaa viazi. Ngina alisubiri. Hakusema "Wanja anajua." Alikuwa ameniahidi.

"Ngina, ni nani anapiga?" yule mtoto akauliza nyuma yake.

Nikakata simu. Baada ya dakika kumi nikaandika kwa gurupu, "Network imekataa kabisa huku, kwani kuna nini?" Bedan akanijibu papo hapo: Ngina anarudi.

Alifika Kimbo kabla ya giza na kuirudisha folda, na Jumatatu watu wa Kang'ethe wakampata cucu wao mzima, anacheka, anasimulia alivyovuka mto Ndarugu akiwa na mimba ya Kang'ethe. Bedan alisema mazishini watu walilia mpaka padri akangoja. Gerishon aliandika kwa gurupu, "Bila Ngina tungeisha. Respect sana Mama Stoo." Maina akaweka makofi, Calvince akaweka moyo. Na mimi nikaweka moyo.

Barua haikuchukuliwa. Ofisi ya mwalimu mkuu ilifungwa Jumatatu ile saa sita, na Ngina saa hiyo alikuwa Kimbo anaangalia kama kazi za Jumamosi zimeingia zote. Syombua alikuwa ameshafunga begi lake. Susu alimwambia Ngina kwa simu kwamba mtoto alilala na hilo begi siku mbili, halafu akalifungua mwenyewe na kurudisha nguo kwa sanduku bila kuambiwa. Gerishon naye, kwa huruma yake yote, alisema baada ya ile ajali hawezi tena kuruhusu Kimbo kukaa bila mtu mpaka msimu uishe. Ikawa Disemba nzima, ruracio kila Jumamosi na harusi katikati ya wiki, na Ngina ndani.

Mimi nilikula Krismasi. Sitaki kukudanganya kwamba sikula. Lakini kila nikivuta kopi nyepesi kutoka Kimbo, nikiona ile mistari inasonga, nilijua kuna mtu amekaa nyuma yake kwa kiti kimoja, na najua kwa nini bado amekaa. Nilianza kumgombeza Chege, mume wangu, kwa vitu vya bure. Alipoacha kikombe kwa sinki nilimwita mchoyo. Akaniuliza uchoyo umeingiaje kwa kikombe, nikakichukua nikakiosha mwenyewe.

Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Jumamosi iliyotangulia, asubuhi, nilimwacha Ciku kwa Chege nikaenda Kimbo. Ngina alinifungulia mlango akiwa na kanga kiunoni. Chumba kilikuwa kile kile, moto ule ule. Ile sketi ya kijani bado ilikuwa kwa msumari, ndani ya karatasi ya nailoni. Akanimiminia chai bila kuniuliza kama nataka.

"Ngina, ile Jumapili nilikusikia," nikasema.

"Najua."

"Nilikuwa kwa line."

"Wanja, mimi nilikuwa nimeshika simu. Niliona jina lako hapo. Nikaona umejizima. Halafu nikaona umetoka." Akapuliza chai yake. "Ya network ndio ilinichekesha."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilitaka anitukane, tungelia, tungemaliza. Badala yake alikunywa chai.

"Kwa nini hukuwaambia mimi najua?"

"Si uliniambia nisiseme?"

"Hiyo ilikuwa tofauti! Mtoto wako alikuwa hapo!"

"Ningewaambia, wangekuja kwako na kelele, ungefanya. Halafu?" Aliweka kikombe chini. "Nilijua unaogopa nini, Wanja. Mimi ndio nakaa hapa. Ningekuwa wewe, sijui kama mimi singekata simu."

Hapo nikaona hasira, na ilikuwa hasira kwake, kwa huo wema wake ulioniacha bila pa kushika. Nikamwambia nimekuja kumwambia ukweli na kwamba moyo wangu umekuwa ukinila mwezi mzima. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza fundi wa intaneti.

"Na Gerishon umemwambia?"

"Bado."

"Calvince? Bedan?"

"Nimekuambia wewe."

"Mimi nilikuwa najua," Ngina akasema. "Basi hakuna mtu umeambia."

Stoo ilikuwa inavuma. Nilitoa simu, nikafungua gurupu. Niliandika, "Mimi najua kuendesha Stoo. Ngina alinifundisha October. Ile Sunday nilikuwa kwa line na nilinyamaza. Ngina anaenda Ngoliba leo, mimi ndio niko hapa." Nilitaka kuongeza kwamba tupange zamu, kila mtu ajifunze, isiwe mtu mmoja. Niliongeza. Nikatuma kabla sijasoma tena.

Ngina hakusema asante. Alikuwa ameshapiga magoti anatafuta viatu chini ya kitanda. Gerishon alijibu kwa ujumbe wa sauti, anacheka kwa mshangao: "Wanja! Kumbe wewe ni fundi umejificha! Sawa, Ngina aende, wewe kaa na Stoo mpaka tuone." Bedan akaweka kidole gumba. Calvince akaweka kidole gumba. Ya zamu hakuna aliyeigusa.

Ngina alishusha sketi kwa msumari, akaiweka kwa mfuko. Mlangoni alinionyesha daftari lilipo, akaniambia feni ya kushoto ikianza kukwaruza nifungue dirisha lakini pazia nisifungue, na kwamba Maina ataleta kadi kabla ya jioni. Aliongea haraka. Nilimsikia anashuka ngazi mbili mbili, mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu.

Nilimwita Chege aniletee Ciku. Usiku wa Jumamosi na wa Jumapili tulilala mimi na mtoto kwa kile kitanda, na nikajifunza kwamba hiyo sauti ya feni huisikii mpaka ibadilike, na ikibadilika unaamka hata ukiwa umekufa. Jumapili Stoo ilikwama mara mbili. Mara zote mbili nilijua la kufanya, na mara zote mbili nilitamani nisingejua.

Jumatatu saa nne asubuhi Ngina alinitumia picha ya barua, muhuri wa shule bado umelowa. Chini yake ikaja picha ya pili: Syombua na ile sketi ya kijani, imemzidi magoti, anamtazama Ngina, anayepiga picha, kama anavyotazamwa mgeni, lakini mkono wake uko ndani ya mkono wa pili wa Ngina. Nililia, na nilifurahi, yote mawili, sitaki kuchagua.

Halafu akapiga.

"Susu amemwachilia," akasema. "Alilia kidogo lakini amemwachilia. Tunakuja leo."

"Nitawapikia."

"Wanja, hapo hatutalala. Kuna dada wa kanisa ana chumba Ruiru mjini, nitakaa kwake mpaka nipate nyumba. Mwaitu simrudishi kwa hizo waya. Kazi nitafanya ya kuhariri, kama nyinyi."

"Sawa," nikasema.

"Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Ngina."

Alipokata nilifungua gurupu, nikaandika kuuliza nani atakuja kunipokea zamu Kimbo. Gerishon, Maina, Bedan na Calvince, wote wanne waliisoma. Niliona alama za kusomwa, jibu halikuja. Ciku alikuwa ameteremka kwa mkeka, anatambaa kuelekea kile kitaa cha kijani kinachowaka na kuzima mbele ya Stoo, nikamshika mguu na kumvuta nyuma, akaanza kulia. Saa nane Chege alipiga simu kuuliza tutarudi nyumbani lini. Nilimwambia sijui.